Maji ya Frigo mu Sikio, Wakwe mu Saloni

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya wakwe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikiwa nimevaa vesti na kravati.

Naandika hapa mu groupe yetu ya wauza vifaa vya ujenzi juu najua video imeisha wafikia. Ile yenye mutu mukubwa anashuka ngazi na matako. Ule mutu ni mie. Nimeona kuna wenye wameisha andika chini yake: "Papa Neema amekunywa." Sikunywa. Nitaeleza yote tangu mwanzo, polepole, na mwenye kuwa na haraka aende akauze misumari.

Munanijua. Nitajieleza tena, juu video haikuonyesha mambo yangu mazuri. Mie nilisomaka mpaka ya nne primaire, basi. Nilianzaka na kubeba mifuko ya sima, ile saruji, ku kichwa pale Kadutu. Leo watu wengine njo wanabeba sima yangu. (Kichwa ni kile kile.) Niko na depo mbili, niko na ng'ombe kule Kabare, niko na nyumba ya etaji, ya gorofa, pale Muhungu. Ngazi yake iko na karo tupu, vile vigae, toka vyumba vya juu mpaka saloni. Rampe ya kushikilia bado sijaweka. Mie mwenye kuuzia mji huu vyuma vya rampe, yangu sijapata wakati.

Sasa kisa. Binti yangu Neema anatafutwa na kijana mumoja wa Mudaka, jina lake Innocent. Anasoma udaktari, iko anamaliza. Kijana mutulivu, anasalimia kwa mikono mbili. Leo njo ilikuwa siku familia yake wanakuja kujitambulisha, mbele ya mambo ya dot, ile mahari. Na mu familia ile mwenye kuamua haiko baba. Ni shangazi ya kijana, Maman Vumilia.

Huyu mama, bwana yake alimalizwa na pombe. Aliuza shamba, kisha akaanza kuuza mabati ya nyumba wakiwa wangali ndani. Tangu pale Maman Vumilia aliapa: hakuna mutoto wa kwao ataoa ao ataolewa mu nyumba ya mulevi. Kuna ndoa moja aliisimamisha kule Bunyakiri juu baba ya binti aliimba mbele ya chakula kufika. Aliimba tu.

Donc, basi, Neema alikuja kuniambia, akiwa anakunja kona ya kitenge na vidole: "Papa, wao wanataka jambo moja tu. Siku ile kusikuwe pombe, na wewe usikuwe umekunywa."

Nilicheka. Mie? Mie hata kasiksi, ile bia yetu ya ndizi, nikionja inaniumiza kichwa. Frigo yangu imejaa sucré tu, ile soda, ya rangi zote. Nikamwambia: "Mutoto wangu, kaa na amani. Hii ndoa imeisha pita. Baba yako ni mutu wa sucré."

Pombe haikuwa shida. Shida ilikuwa sikio.

Sikio yangu ya kuume iliziba tangu mwezi uliopita. Mutu akisimama upande ule, mie naona tu midomo inatembea. Ku depo si kitu. Mukubwa asiposikia, watu wanarudilia. Lakini mbele ya Maman Vumilia? Akiniuliza jambo nami nikimwangalia tu kama ukuta, atasema nini? Atasema: tazameni, saa nne ya asubuhi na tayari hasikie.

Muke wangu, Maman Neema, akaniambia: "Enda ku kituo cha afya. Infirmier, ule muuguzi, atakutilia maji ya vuguvugu, itatoka."

"Mie nikae ku benchi pamoja na watu wa kikohozi juu ya uchafu wa sikio?"

"Basi fanyia hapa. Lakini maji ya vuguvugu. Mie nilimuuliza, alisema vuguvugu."

"Maji ya vuguvugu ni ya mutu asiyekuwa na frigo."

Na musifikiri ilikuwa kiburi tu. Nilikuwa na akili yangu. Munajua mastiki ya vioo vya dirisha. Ikipata joto inanata, inakufuata ku vidole, haitoke. Ikipata baridi inakuwa ngumu, unaigonga kidogo, inatoka kipande kizima. Uchafu wa sikio ni mastiki tu. Nani mu Bukavu atanifundisha mastiki? Njo nikaamua: maji ya frigo, na barafu ndani. Serenge pia nilikuwa nayo, ile kubwa ya plastiki isiyo na sindano, yenye tunanyweshea ndama dawa kule Kabare. (Ilioshwa. Musianze.)

Sasa leo asubuhi. Nimevaa vesti ya bleu, kravati, na kofia mupya. Kwetu baba ya binti hakutane wageni ku mulango. Wageni wanaingia, wanakaa, wanapumua, kisha musemaji wa familia anamuita mwenye nyumba. Wababa wengine wanaitwa kutoka nyuma ya nyumba, penye kuku. Mie nilitaka kuitwa kutoka juu. Nilijenga etaji juu ya siku kama hii. Nilitaka wakwe waone viatu kwanza, kisha suruali, kisha vesti, kidogo kidogo, mpaka kofia.

Musemaji wetu ni mudogo wangu Deo, mwalimu, mutu wa maneno mengi na mushahara kidogo. Nikamuita mu chumba changu cha juu mbele wageni hawajafika. Nikalala ku kitanda, kichwa ku mito mbili, taulo ku bega, nikamupa serenge.

Akatia kidole mu bakuli. "Yaya, kaka mukubwa, haya maji iko na barafu."

"Najua. Barafu ni yangu."

"Lakini infirmier alisema..."

"Infirmier iko na etaji?"

Deo akasukuma. Baridi iliingia mpaka ku meno. Hakuna kitu. Akasukuma tena. Hakuna kitu. Na pale pale tukasikia klakson ya gari ku portail, mulango wa inje. Wageni wamefika saa yenye walisema. Nani mu mji huu anafikaka saa yenye alisema? Mie hiyo sikuipanga.

"Jaza mpaka mwisho," nikamwambia. "Sukuma sawa mwanaume."

Akasukuma. Kitu kikatoka. Sitasema ukubwa yake. Deo alikiangalia kwa heshima, akakiweka ku kona ya taulo kama kitu cha kurudishia mwenyewe.

Na papo hapo nikasikia. Ndugu zangu, nilisikia kila kitu. Nilisikia frigo inanguruma kule chini. Nilisikia kuku ya jirani. Nilisikia wageni wanakaa ku fotei zangu, vile viti vya saloni, na sauti ya mama mumoja nzito, yenye haina haraka: "Nyumba ni kubwa. Sasa tuone mwenyewe."

Ningesimama hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini mie ni mutu wa kumaliza kazi. Nikamwambia Deo: "Tia serenge moja ya mwisho, ya kusafisha."

Ile ya kusafisha njo iliniua. Mbele yake mastiki ilikuwa imefunga njia. Sasa njia ilikuwa wazi, na barafu yote ikaenda mpaka mwisho wa barabara.

Deo akafuta mikono, akaniangalia, akakaribisha uso wake.

"Yaya, macho yako iko inaruka."

"Iko inafurahi. Shuka uniite."

Akashuka. Nikamusikia anakohoa kule chini, anasema kwa sauti ya sherehe: "Wakwe wetu wapenzi, sasa tunamuita mwenye nyumba, mubeba mizigo wa zamani, mubebesha mizigo wa leo!" (Ile sentensi nilimuandikia mie.) Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikaweka kofia, nikaenda ku ngazi.

Karo ya kwanza ilikuwa penye niliiacha. Ya pili ilikuwa imehama.

Sijue namna ya kuwaeleza. Nyumba ilianza kuzunguka. Saloni yote ilikuwa inakimbia upande mumoja, kisha inarudi mbio, kisha inakimbia tena, na haikuwa inafika mahali. Niliona wageni wote wamekaa ku fotei na fotei zinaenda. Nikajisemea: simama imara, wewe ni mutu wa sima. Nikaenda upande wa kuume bila kutaka. Bahati kule kulikuwa ukuta. Nikaufuata na bega. Kisha ukuta nao ukanikimbia, nikatafuta rampe.

Rampe, munakumbuka, iko ku depo.

Nikakaa. Na karo, vile munajua, nilinunua zile zenye kung'aa. Nilishuka zote zenye zilibaki na matako, vesti imepanda mpaka ku masikio, kofia iko ku kichwa bado. Wageni waliona viatu kwanza, kisha suruali. Hiyo sehemu ilienda kama nilivyopanga.

Hakuna mutu alicheka. Kuna mupwa wa muke wangu alikuwa anachukua video juu ya ndugu wenye wako Kigali, na ule mutoto wa watu hakuacha kuchukua.

Nikasimama kwa nguvu zangu zenyewe. Maman Vumilia alikuwa amenyoosha mukono wa kunisalimia. Mama mufupi, mwenye kitenge cha kijani, uso haucheke wala haukasirike. Nikautafuta ule mukono. Nikautafuta pale, ukawa pale pengine. Nikataka kumwangalia mu macho, kama mwanaume anavyofanya, lakini macho yangu yalimuangalia kidogo, yakateleza pembeni, yakaruka kurudi, yakateleza tena. Ni kama niko nasoma gazeti ku uso yake.

"Papa," akasema polepole, "macho yako yananikimbia juu ya nini?"

"Maman, karibu sana," nikasema, na nikaanguka upande wa dirisha.

Nikashika rido, ile pazia. Mutu akianguka anashika. Ile rido inashikwa na fimbo ya chuma yenye rangi ya dhahabu, kutoka depo yangu mwenyewe, yenye nawaambiaka wateja kwamba hata mutoto akijipachika haitoke. Ilitoka. Ilitoka na viskrubu, na kipande cha ukuta, na rido yote ikanifunika kichwa kama bibi harusi. Mule ndani ya rido tumbo nalo likageuka. Sikuwa na mahali pa kwenda. Nikavua kofia, nikaitumia. Ilikuwa mupya.

Nikatoa uso inje ya rido. Maman Vumilia aliinama, akaleta pua karibu na kinywa changu, akanusa. Akanusa tena.

"Harufu ya pombe haiko," akasema.

Nikashukuru Mungu.

"Njo ile yenye hainuke," akasema. "Ile mubaya zaidi." Na akageukia watu wake. "Tulisema jambo moja tu. Simameni."

Wakaanza kusimama. Nyuma ya mulango wa koridoo nikasikia Neema anavuta pumzi, ile pumzi ya mutu anazuia machozi. Nilimusikia vizuri kabisa, na sikio ile ile. Nyumba ilikuwa inazunguka lakini ile pumzi haikuzunguka. Nikataka kusema kitu. Nikafungua kinywa, nikakifunga mbio, mambo ya kofia yasirudi.

Sasa mujue kitu kimoja: mu siku kama hii kijana mwenye kuoa haongee. Anakaa katikati ya watu wake, anainamisha kichwa, anasemewa. Innocent alikuwa amekaa vile, mikono mu magoti. Lakini alikuwa ananiangalia. Haangalie rido, haangalie kofia. Anaangalia macho yangu tu. Akamunong'onea musemaji wao, Papa Bisimwa, mukatekista mwenye sauti ya kusomea kanisa nzima.

Papa Bisimwa akanyoosha mukono. "Mutulie kidogo. Mutoto wetu anauliza familia ya binti: je, baba yetu alitia kitu mu sikio?"

Deo akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Familia ya binti inajibu: ndiyo. Maji."

Innocent akanong'ona.

"Mutoto wetu anauliza: maji ya moto ao ya baridi?"

"Familia inajibu: ya frigo."

Kunong'ona.

"Ya frigo namna gani?"

Deo akaniangalia pale chini. Nikamuonyesha aseme. "Na barafu," akasema. "Familia inaongeza kwamba ilikuwa serenge ya ndama."

Mama mumoja wa Mudaka akatia kitenge ku midomo.

"Mutoto wetu anauliza: sikio gani?"

"Ya kuume."

Innocent akatingisha kichwa kama fundi mwenye amekuta waya yenye imekatika. Na akasahau desturi, akasimama mwenyewe, akaongea mwenyewe. "Shangazi, huyu papa hakukunywa. Ni sikio njo inachezesha macho yake."

"Kaa chini," Maman Vumilia akasema. "Tangu lini sikio inashika macho?"

"Tangu kuzaliwa, shangazi. Kila mutu hapa."

Na akaeleza. Nitawaeleza namna nilisikia, nikiwa chini, rido ku mabega. Anasema ndani kabisa, nyuma ya penye tunasikilia, kuna vibomba vidogo vitatu vya kupinda, kila upande, na vimejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji ya mule yanabaki nyuma kidogo, sawa maji mu ndoo ukigeuka nayo mbio. Vibomba vinasikia ile, vinaambia macho: kichwa kinaenda kushoto, nyinyi muende kuume, upesi. Na macho yanaenda. Hayaulize. Njo maana ukitembea ao ukikimbia, vitu vyenye unaangalia havirukeruke. Sasa barafu ikigusa pale karibu, maji ya vibomba yanapata baridi upande mumoja, yanakuwa mazito, yanashuka yenyewe, kichwa kikiwa kimetulia. Vibomba vinadanganyika. Vinaambia macho kichwa kinazunguka. Macho yanateleza kufuata, yanafika mwisho, yanaruka kurudi, yanateleza tena.

Mie tangu nilipoacha kubeba mifuko sina bosi. Leo nimejua macho yangu iko na bosi, na bosi yake ni sikio, na ule bosi anadanganyika na barafu.

Maman Vumilia hakukaa chini. "Maneno ya shule," akasema.

"Basi tujaribu na kidole," Innocent akasema. "Kila mutu anyooshe kidole gumba mbele ya macho. Kwanza kichwa kitulie, kidole njo kitembee, kushoto na kuume, mbio. Munaona kidole vizuri?"

Wakajaribu. Papa Bisimwa akasema kwa sauti ya kanisa: "Kidole kimekuwa moshi."

"Sasa kidole kitulie. Kichwa njo kitembee, mbio vile vile, kushoto na kuume. Macho yabaki ku kidole."

Wakaanza. Familia nzima ya Mudaka, wababa kwa wamama, kidole mbele, wanatingisha vichwa kwa nguvu. Hata Deo. Hata mie kidogo. Na ni kweli: kidole kinabaki safi, unaona hata ukucha. Mzee mumoja alisema "Ee, tazama," akaendelea tu kutingisha.

Na ni saa ile ile muke wangu aliingia.

Tulikuwa tunapikia nyuma ya nyumba, penye makaa, na kule walifungulia redio. Hakusikia ngazi, hakusikia rido. Anaingia na sahani kubwa ya samaki, tabasamu yake imeisha tengenezwa. Anakuta bwana yake amekaa chini amevaa rido. Anakuta Neema analia ku mulango wa koridoo. Na anakuta wakwe wote, mumoja mumoja, wananyoosha kidole wanatingisha kichwa: hapana, hapana, hapana.

Hakuuliza kitu. Aligeuka na samaki yake. Nikasikia (sikio hii sasa inasikia mpaka inje) anawaambia wamama wenzake: "Zimeni makaa. Wamekataa wote."

Na kule nyuma wamama wakaanza kulia. Kulia kwa kweli, ile ya musiba. Majirani wawili wakaruka portail kuuliza nani amekufa.

Deo akakimbia kuwaeleza. Alichukua muda. Ni mwalimu.

Ile kulia njo ilimukalisha chini Maman Vumilia. Akakaa ku fotei yangu kubwa, akasikiliza wamama wanalia juu ya ndoa yenye yeye alikuwa anavunja, akaweka mikono mu mapaja.

"Kidole nimeona," akasema. "Lakini kidole si kulewa. Maji kulewesha mutu, hiyo sijaona. Mie sijaonja pombe tangu nizaliwe, Mudaka nzima wanajua. Leteni yale maji."

"Shangazi, hapana," Innocent akasema. "Si muzuri. Ni mambo ya hospitali, wanaangalia kwanza kama ngoma ya sikio haijapasuka."

"Sikio yangu haijaugua hata siku moja. Leta. Kama maji yatanilewesha mie, Papa huyu hakulewa, na utaoa hapa. Kama hayatanilewesha, tunaenda."

Fikirini mie pale. Ndoa ya mutoto wangu iko ndani ya sikio ya huyu mama. Na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu niliombea maji ya frigo yangu yakuwe baridi sana.

Innocent alikataa, akakataa tena, akaangalia Neema, akaacha kukataa. Lakini serenge ya ndama hakuitaka. Akachukua kikombe, akatoa barafu yote, akaangalia kwanza mu sikio ya shangazi na tochi ya simu, akamuinamisha kichwa nyuma ku fotei, akamimina kidogo, polepole, kama mutu anatilia mutoto dawa. Watu wote wakamuzunguka. Mie nikasogea na magoti.

Tukangoja. Hakuna kitu.

"Munaona," Maman Vumilia akasema. "Mie niko tu..."

Akashika mukono wa fotei.

Macho yake yakateleza pembeni. Yakaruka. Yakateleza. Yakaruka. Mie naitwa mutu mugumu lakini nilitaka kulia. Ilikuwa kama kuona ndugu.

"Innocent," akasema kwa sauti ile ile isiyo na haraka. "Hii nyumba inaenda wapi?"

"Haiende, shangazi. Ukae."

Hakukaa. Alitaka kusimama aonyeshe kwamba anaweza. Alisimama, akaenda upande mumoja na hatua ndogo ndogo za mutu wa heshima, mie nikanyoosha mikono kumushika, na macho yangu hayakuwa yamemaliza kazi yao, nikashika hewa. Yeye akashika rido ya pili.

Ile ya pili nayo inatoka depo yangu.

Donc mwisho wa video yenye munayo, ile yenye haionekane vizuri juu mwenye kuchukua alikuwa anatetemeka kwa kucheka, ni sisi wawili, mie na shangazi ya mukwe wangu, tumekaa chini ku karo bega kwa bega, kila mutu na rido yake, tunangoja nyumba isimame.

Ilisimama. Yake kwanza, kisha yangu, juu yeye hakuwekewa barafu.

Maman Vumilia akatoa rido ku kichwa, akaikunja vizuri, akaiweka ku magoti. Akaangalia watu wake. "Andikeni kwamba nimelewa," akasema, "na kwamba baba ya binti hakulewa. Mutoto ataoa hapa." Kisha akanigeukia. "Lakini Papa, mu nyumba ya watoto tutanunua fimbo za rido kwa mutu mwingine."

Nikamuuliza kama anakula samaki. Mukubwa anajua saa ya kugeuza maneno.

Muke wangu alirudisha makaa. Samaki ilikuwa imepoa, wakaila. Neema alicheka kwa mara ya kwanza toka asubuhi, na aliponiletea sucré aliniuliza kama nataka ya baridi. Nikamwambia ya vuguvugu. Kijana Innocent aliniangalia sikio, akaniambia ngoma iko nzima, na kwamba siku ingine niende ku kituo cha afya kama watu wote, nikae ku benchi. Nikamwambia nitafikiri.

Basi njo hivyo. Mutumie haya maandiko kila mahali mulituma video. Rampe naweka lundi, jumatatu asubuhi. Fimbo za rido bado ziko, za viskrubu virefu, zile zingine nimezitoa ku rafu.

Na nawaomba musicheke. Siwaombe juu ya aibu. Nawaambia tu kwamba leo mchana, wakwe wameisha enda, nilipita nyuma ya duka zenu kwa mguu, na sikio yangu ya kuume sasa iko wazi kabisa. Najua nani na nani.